Pampu Fungua, Hita Ningoje

Nakuru, Jumanne jioni

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Sote tu wazima, ila upepo wa juzi umeangusha migomba ya mama yako na hataki kusikia habari nyingine.

Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza vizuri. Pampu ya maji ya hilo gari lako la kulala wageni inanguruma bila kupumzika, mfereji wa jikoni unatema mate kidogo, halafu hewa tupu. Ukaongeza kwamba hita ya gesi ya kupasha maji inawaka ukishikilia kitufe, ukikiachia tu inazima. Na fundi wa hapo Kondele, Kisumu, ameshakushauri ununue pampu mpya. Usinunue.

Pampu iliyokufa hunyamaza. Yako ina nguvu, ila inavuta hewa badala ya maji, na hewa hiyo inaingilia kati ya tangi na pampu. Upande huo mpira ukiwa na ufa, maji hayadondoki ukayaona, kwa sababu pampu inanyonya, haisukumi. Ndiyo maana umepapasa chini ya viti vyote ukakuta pakavu. Fanya hivi: chomoa mpira unaotoka tangini, mahali pake chomeka kipande kifupi cha mpira mzima, ncha ya pili itumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha washa. Ikivuta kutoka kwenye ndoo hadi mfereji utoe maji, pampu haina kosa, tafuta ubaya kwenye ule mpira wa tangini na klipu zake. Isipovuta, angalia kikombe cha plastiki chenye chujio, pale mdomoni mwa pampu. Kina pete ya mpira ambayo ikizeeka hupasuka vinyufa kama kisigino cha kiangazi. Kama imepasuka, badilisha. Kama ni nzima, ioshe na uipake grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya magurudumu huvimbisha mipira mingine, na isitoshe hayo ni maji ya kunywa.

Bado haivuti? Fungua kichwa chake, ni skrubu chache tu, lakini piga picha kwanza kabla hujatoa chochote. Ndani kuna kiwambo, yaani utando unaosukuma maji, na vali ndogo za mpira. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya vali, presha haipandi. Nyingi za pampu hizi hujizima presha ikifika karibu baa 3. Isipofika, zinaendelea kulia, kama yako. Ukishaitengeneza, siku utakayoisikia usiku ikishtuka mara moja na kunyamaza, ilhali mifereji yote imefungwa, ujue kuna mvujo upande wa pili, kati ya pampu na mifereji, au vali inarudisha maji nyuma.

Umeme wake upime pampu ikiwa inazunguka, si ikiwa imelala. Ukisoma volti 12.4 kwenye betri na 11 kwenye pampu, kuna waya umeoza mahali. Kwa gari la miaka ya themanini mimi huanza na eathi, ule waya unaofungwa kwenye bodi. Na fyuzi ikikatika, weka ya kiwango kilekile. Mambo ya kuunga fyuzi kwa karatasi ya sigara waachie wenye matatu mbovu.

Sasa hita, na hapa nakuwa mkali, mama. Pampu nimekuruhusu uichezee kwa sababu ukikosea utalowa tu. Gesi usiiguse hadi nifike.

Kwanza, kuna jambo hukuniambia. Ulipokuwa unawasha hita, ndani yake mlikuwa na maji? Kama pampu inatema hewa, naona uwezekano mkubwa kwamba tangi la hita ni tupu, na hita haiwashwi ikiwa tupu. Pampu ipone, ufungue mfereji wa maji moto hadi utoe maji mfululizo, ndipo tuzungumze habari za moto.

Kuzima kwake kuna sababu. Kuna kijiti cha shaba, thamokapo, ambacho ncha yake inakaa ndani ya ule moto mdogo. Kikipata joto huzalisha umeme kidogo unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Kisipopata la kutosha, vali inajifunga, na ni vyema ijifunge. Huenda kijiti chenyewe kimechoka, lakini mimi nashuku moto ni dhaifu. Magari ya Ujerumani ya zamani yalitengenezewa gesi yenye presha ya milibari 50, na wewe umefunga regyuleta ya jiko la nyumbani, ambayo hutoa chini ya hapo. Halafu gari limekaa karibu na ziwa muda wote huo. Unawajua wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi. Buibui huwafuata, na nyigu naye anajenga udongo wake ndani ya bomba lolote alipatalo. Bomba la moshi la nje unaweza kulichungulia kwa tochi. Huyo fundi wako asithubutu kuingiza waya kwenye kile kitundu kinachotoa gesi. Kikipanuka, moto unageuka wa njano, na moto wa njano ni masizi na kaboni monoksidi, ile isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa.

Hata ikirekebishwa hapo Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, tutaipima tena juu. Nakuru tuko karibu 1,850, na Timboroa inapita 2,700. Huko hewa ni nyepesi, na moto uliokuwa wa buluu ufukweni unaweza kubadilika rangi.

Ile hita ya gesi ya ukutani ya bafuni uliyoniuliza kama ufunge garini, hapana kabisa. Huvuta hewa ya chumba kilekile unachooga, na gari lako ni chumba kidogo mno. Ya gari huvuta hewa ya nje na kutoa moshi nje. Heri wageni wako waoge maji ya sufuria.

Kazi moja ya gesi usiningojee: funga mtungi, kisha kizibue kile kitundu cha sakafuni kwenye kabati lake, ambacho mtu alikiziba kwa gundi akizuia mende. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka, na pale ndipo mlango wake wa kutokea.

Nitumie picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa hita, isomeke, ili nitafute regyuleta huku kabla ya Ijumaa. Nitakuja na mita yangu, wewe tafuta ndoo na sabuni ya unga ya kupimia mivujo. Mama yako anasema nisipomletea omena nilale hukohuko kwenye gari.

Baba yako