Barua kutoka Nachingwea: kabla hujaanza kufundisha vishimo

Nachingwea, Lindi
Mwezi wa saba

Mama Salma, rafiki yangu wa siku zote,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, watoto wamekua, na ufuta umeshauzwa mnadani, kwa hiyo watu wana hela mkononi na ngoma hazilali. Hongera sana kwa kupangiwa Ruangwa. Nimefurahi mno kwamba sasa tutakuwa majirani.

Umeniuliza uanzie wapi kuwafundisha wakulima kilimo hifadhi. Kanuni zake tatu unazijua: usiipindue ardhi yote, usiiache uchi, usirudie zao lile lile kila msimu. Za darasani sitakurudishia. Nitakuambia jambo ambalo ningependa mtu aniambie nilipokuja huku: kabla hujasema lolote kuhusu udongo, jua kazi za nyumba ile zinakwendaje mwezi kwa mwezi, na ni nani anayezifanya. Wakulima wetu hawakatai kwa ujinga. Wanapiga hesabu ya nguvu walizonazo, wanaona hazitoshi.

Chukua hivyo vishimo vya kupandia. Ukifuata nafasi ya sentimita 75 kwa 60, eka moja inakula karibu vishimo 9,000. Vinatakiwa vichimbwe kiangazi, ili mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba ivikute tayari. Sasa kitazame kiangazi cha kusini. Mei na Juni watu wako kwenye ufuta. Julai na Agosti ni mbaazi, tena ndio wakati wa jando na unyago, na hakuna mzazi atakayekuacha umtoe mwanawe kwenye shughuli ile kwa ajili ya vishimo. Baada ya hapo korosho zinaanza kudondoka, na hadi Desemba kila mtu yuko chini ya mikorosho, kwa sababu hela ya ada na ya bati iko pale. Mwambie mama mwenye mtoto mgongoni achimbe vishimo 9,000. Atakusikiliza kwa adabu, atakushukuru, na hatachimba hata kimoja.

Ndiyo maana mimi naanza na kipande kidogo jirani na nyumba. Kule Zimbabwe, ambako mkulima Brian Oldreive alianza kulima bila kupindua ardhi miaka ya 1980, serikali ilikuja kueneza mwaka 2020 mpango unaoitwa Pfumvudza. Kipande ni mita 39 kwa 16, mistari 52, na mstari mmoja umekusudiwa kuilisha familia wiki moja. Akina mama wakisikia hivyo huhitaji kuongeza neno. Wanaanza kugawa wenyewe: huu wa Ramadhani, hii ya Februari pale kihenge kinapokuwa kitupu. Kipande cha namna hiyo kinachimbika jioni jioni, hata mwezi wa ngoma.

Jambo la pili ni moto, na hapa naomba unisikilize vizuri. Utahubiri matandazo, yaani mabua na majani ya kufunika udongo, watu watayalaza mabua yao vizuri, halafu Septemba moja unaamka asubuhi unakuta majivu. Mara nyingi si mwenye shamba aliyechoma. Ni jirani aliyekuwa anasafisha shamba lake, au vijana waliokuwa wanawinda panya. Panya ni kitoweo cha watu huku, usije ukamdharau mtu kwa hilo wala kulisema kwa dharau mkutanoni. Kwa hiyo usimfundishe mkulima mmoja mmoja. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, omba kikao, waite na hao vijana wenyewe. Sisi tulikubaliana nao wawinde kwa mitego na kwa kuchimba upande ule wenye vipande vya matandazo, na kila mwenye kipande afyeke njia ya kuzuia moto kukizunguka. Wafugaji nao waite. Tangu ng'ombe walipohamishiwa mikoa yetu kutoka bonde la Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 na 2007, mabua yana mlaji mwingine, na ni afadhali mkubaliane mapema kabla ya watu kushikana mashati.

Kwenye mkutano wa kwanza, hotuba iwe fupi. Kata chupa mbili za maji, za plastiki, kwa urefu, uzilaze kama vihori. Moja jaza udongo mtupu wa shambani, nyingine udongo uleule uliofunikwa majani makavu. Ziinamishe kidogo, mwagia maji sawasawa, kinga kwenye vikombe. Kikombe cha udongo mtupu kinajaa upesi, maji mekundu mazito. Kile kingine maji yanachelewa, yanatoka machache, na unaona mpaka chini ya kikombe. Kisha nyamaza. Mara ya mwisho mzee mmoja alikishika kile kikombe chekundu, akakizungusha, akachovya kidole, akasema, "Kumbe mto Lukuledi unakula shamba langu." Akina baba waliokuwa wamekaa nyuma wakasogea mbele.

Wazee watakupima, nao wana haki. Waingereza walikuja hapa Nachingwea, na Kongwa na Urambo, mwaka 1947 na mitambo ya kung'oa mapori ili walime karanga, na 1951 mradi ukafungwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Wataalamu wenye majibu wameonekana huku tangu zamani. Mimi huwakumbusha majirani zetu Wamatengo wa Mbinga, ambao kwa vizazi vingi wamelima miteremko kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta, wanalaza nyasi na kuzifukia, na udongo wao umebaki mlimani. Mzee akisikia kwamba jambo hili lina wenyewe Waafrika wenzake, anazungumza na wewe tofauti.

Palizi. Hapa ndipo roho inaponiuma. Usipoipindua ardhi, magugu yanawahi, hasa miaka ya mwanzo, na mzigo ule mara nyingi unamwangukia mama. Baba atasifu kwamba kulima kumepungua, mkewe atazidi kuinama. Liseme wazi mbele ya wote wawili, na mpange siku ya palizi ambayo baba naye yupo. Watu watakuambia dawa ya magugu ndiyo suluhisho. Mimi sipendi kuanzia huko: ina gharama, nimeona inavyopulizwa bila glavu watoto wakiwa karibu, na ukiimwaga baada ya mazao kuota, kunde ulizochanganya na mahindi zinakufa pamoja na magugu. Matandazo mazito na kunde zinazotambaa kati ya mistari vinapunguza kazi kweli, ila kwa uvumilivu.

Na usiahidi mavuno ya ajabu mwaka wa kwanza. Mabua yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha vinatumia naitrojeni iliyomo udongoni, na kwenye mchanga wetu mahindi yanaweza kugeuka manjano. Mkulima asiyeambiwa atakuita mwongo. Aweke konzi ya samadi ya mbuzi au ya kuku kwenye kila kishimo, achanganye na mbaazi. Kuhusu mbaazi, watu hawajasahau 2017, India ilipobana uagizaji na bei ikaanguka mpaka wengine wakaacha kuvuna. Wewe zungumzia majani yake yanayodondoka na kurutubisha, na mboga ya nyumbani. Biashara waamue wenyewe.

La mwisho, usiende na mbegu na mbolea za bure. Najua utasukumwa uzigawe. Kijiji kimoja nilichokuta kimepewa kila kitu, vishimo vilikoma msimu ule ule ugawaji ulipokoma. Wape kamba yenye mafundo ya kupimia, na uwe nao siku ya kuchimba ukiwa na jembe lako.

Ukishapata nyumba nijulishe. Agosti tunachimba vipande vya akina mama wa kitongoji cha pili, njoo ulale kwangu siku mbili tatu uone wanavyofanya. Ukiweza niletee mbegu za fiwi, huku zimeadimika. Nisalimie Baba Salma na watoto.

Mimi rafiki yako,
Mama Tatu