Manjano ya mchungwa si njaa ya mbolea

Mhariri,

Wakulima wengi hudhani ni upungufu wa rutuba tu wanapouona ugonjwa uitwao kwa Kiingereza “citrus greening”, unaoyatia majani ya mchungwa mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili, na kuacha matunda madogo, yaliyopinda na machungu. Kumbe husababishwa na bakteria wanaoziba mirija ya kusafirisha chakula cha mti, wakienezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu na kwa miche iliyoambukizwa. Tangu ugonjwa huo uonekane katika jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2005, watafiti huko wamejaribu nyigu wanaowashambulia wadudu hao, kuipasha miti joto, na hata kudunga shina antibiotiki. Tiba kamili haijapatikana. Mimi ningeanza na miche iliyopimwa maabara, kwani mti huweza kuwa chanzo cha maambukizi kabla haujaonyesha dalili yoyote.

Msomaji wako