Mabadiliko ya mazoezi ya Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, na poleni na kazi.

Jumamosi hii tunaanza na filamu ya Julius Caesar ya mwaka 1953, ile ya Marlon Brando kama Antony na James Mason kama Brutus. Mazoezi yatafuata.

1. Saa 8:30 mchana, ukumbini palepale. Filamu ni kama saa mbili, kwa hiyo saa 11 tunasimama jukwaani.
2. Mchango sh. 3,000 wa projekta na chai, kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
3. Kila mtu na nakala yake ya Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere tunayoigiza, na penseli.

Antony wetu, nakuomba mdogo wangu, usiitafute filamu kabla ya siku hiyo. Hotuba ya mazishi uje nayo kichwani kwanza, kwa sauti yako. Brando anavuta pumzi ya Kiingereza cha Shakespeare. Sisi tunasema Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, na mkazo hauangukii palepale. Ukimwiga, tutakukosa wewe.

Umati, ninyi ndio nawataka mkodoe macho. Angalieni watu wanavyogeuka kidogo kidogo, kutoka kumshangilia Brutus hadi kutaka kuchoma nyumba. Hapo bado tunalegea.

Tafadhali andika hapa NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 2 usiku, nipange viti. Mwenye spika nzuri aniambie leo.

Asanteni sana.