Tunacheza bugobogobo, lakini kulima kwa zamu tumekuacha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya kutoshirikiana kwetu sisi tunaoishi kwa kutegemea wageni hapa Mwanza.

Hivi karibuni nilipokea familia kutoka Dodoma iliyotaka kwenda Kisiwa cha Saanane asubuhi na kutazama ngoma kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora alasiri. Mwenye boti hakujua kama siku hiyo Bujora kuna ngoma, nami sikujua boti ya mwisho inarudi saa ngapi. Wageni walishinda barazani kwangu wakipiga simu huku na huku, na kesho yake alfajiri wakashika njia ya Lamadi kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka.

Katika miaka mizuri hasara ya namna hiyo haiumi sana. Iliuma mwaka 2020, pale korona ilipokatiza safari za ndege na maji ya Ziwa Victoria, mwaka huohuo, yakapanda hadi kumeza fukwe na kuingia katika majengo ya kando. Niliwaachisha kazi wafanyakazi watatu, kumbe jirani yangu, ambaye baadaye alipata wageni wa harusi na vikao vya ndani, alikuwa akiwarudisha watu kwa kukosa vyumba. Hatukuwa na mazoea ya kupelekeana wageni.

La kushangaza ni kwamba ngoma tunayowaonyesha watalii, bugobogobo, huchezwa kwa majembe mikononi kwa sababu ilitokana na watu kulima mashamba yao kwa pamoja. Tena ni ukanda huuhuu ambao wakulima wake wa pamba waliunganisha vyama vyao vya ushirika kuwa shirikisho moja mwaka 1955.

Napendekeza wenye nyumba za wageni, wenye boti, wachezaji ngoma, mama lishe na wavuvi wa mialoni, yaani kwenye vituo vya kupokelea samaki, tuwe na ratiba moja ya wiki, na mfuko mdogo wa kuchangiana siku mbaya na kulipia kazi ya kuopoa magugumaji ziwani. Wavuvi wasialikwe mwishoni kama mashahidi, maana ziwa likiharibika wao ndio huona kwanza. Najua vyama vyetu hufa kwa kugombea uenyekiti. Basi hiki kianze bila mwenyekiti, kwa ratiba tu.

Baraza langu linatosha watu ishirini, na chai nitatoa mimi.

Mwenye nyumba ya wageni,
Ilemela, Mwanza