Ukizungusha uzio msituni, acha njia ya miguu

Bwana Mhariri, jambo kutoka Katuba.

Kurasa zenu za michezo ni timu za mpira za Mazembe na Lupopo, na ni haki yao, mimi pia nashangilia, ila leo naomba nafasi niongelee wakimbiaji wa mbali na njia za msituni huku pembeni ya Lubumbashi, maana zinafungwa moja moja na sijaona mtu anaandika.

Tuko kikundi cha marafiki, tunajipangia wenyewe mbio ya kama kilomita 60, tutoke Katuba asubuhi, tupite porini mpaka upande wa mji wa Kipushi, turudi kwa njia nyingine. Hatuna sponsa wala medali. Barabara ya lami ya Kipushi kila mtu anaijua, ni kilomita 30 hivi, lakini kukimbia na malori mgongoni si maisha, ndiyo maana tunataka msitu, na msitu lazima kwanza uende kuuangalia kwa miguu, polepole, kabla ya kuleta watu.

Simu inasaidia lakini haitoshi. Picha ya setilaiti inakuonyesha mstari mweupe kati ya miti, unafurahi unasema njia hii hapa, ukifika unakuta ni njia ya makala, yaani makaa ya kuni, na njia ya makala ina tabia yake: inaanza pana, alama za kinga (baiskeli) zimechimba udongo, halafu inaenda kufia kwenye tanuru, duara jeusi na visiki vya miti ya muputu na mutondo, basi, hakuna mbele. Njia ya kijiji kwa kijiji ni nyembamba zaidi, imelainika kwa miguu, inazunguka vichuguu vikubwa badala ya kuvipanda (na huku kwetu kichuguu kinaweza kufika mita 8, ukikaa juu unaona mbali), na inatafuta sehemu ya dembo, lile bonde la majani linalojaa maji ya mvua, yenye kivuko. Hiyo ndiyo tunayotafuta. Na wanaoijua kabisa ni wale wanaosukuma kinga yenye mifuko ya makala mpaka mjini, wanajua kila mteremko kwa mabega yao. Baba mmoja alituambia tu, "Bana bangu, pale musipite, mutarudia palepale," na ilikuwa kweli, akatuonyesha njia ambayo haiko kwenye ramani yoyote.

Musimu nao una neno lake. Mwezi wa tatu majani yanazidi kichwa cha mtu na madembo yamejaa maji, kwa hiyo njia uliyoiona mwezi wa saba huwezi kuitambua. Mwezi wa nane kuendelea ni moto wa porini. Sisi tumechagua mwezi wa sita na wa saba, asubuhi baridi inashuka chini ya digrii 10 lakini unaona chini unapokanyaga. Halafu kuna mpaka. Kipushi iko karibu kabisa na Zambia na porini hakuna bariere wala kibao, unaweza kujikuta ng'ambo bila kujua. Mpaka ule unafuata mgongo unaogawa maji, upande wetu vijito vinaenda kuishia mto Congo, upande ule vinaenda Zambezi, kwa hiyo ukiona kijito kinashuka upande wa Zambia simama hapohapo ugeuke. Maji ya kunywa tunabeba wenyewe, kijito kinachotoka upande wa migodi hatugusi hata kama kinang'aa.

Sasa kilichonifanya niandike ni uzio. Tulipita kwenye njia ya zamani kabisa, njia ya watu kwenda mashamba na kwenda kusali, tukakuta nyaya mpya zimekatiza katikati, na mlinzi akasema ni konsesio ya mtu, yaani ardhi aliyopewa kwa karatasi, zungukeni. Kuzunguka ni kilomita nyingi. Sisi wakimbiaji tutazunguka, tuna nguvu na viatu, lakini yule mama mwenye beseni la mihogo kichwani na mtoto mgongoni anazunguka kila siku, asubuhi na jioni, na hakuna aliyemuuliza. Nimeumia sana kwa hilo, kuliko kwa mbio yetu.

Sisemi mtu asizungushe shamba lake au mgodi wake. Ninaomba aache upenyo, mita mbili tu kando ya nyaya, pale njia ilipokuwa. Na shefu wa kijiji anapotia sahihi karatasi ya ardhi aulize kwanza njia za watu zinapita wapi, na wanaopima ardhi watembee na wazee kabla ya kupiga vigingi. Upande wetu tunaomba ruhusa kwa shefu kila tunapopita, hatupaki rangi kwenye miti, tunafunga vitambaa na tutavitoa vyote siku ya mbio ikiisha.

Njia zote tulizotembea tumezichora, na pale zilipokatwa tumeweka alama. Kama kuna mwenye konsesio upande wa Kipushi anasoma hapa, aandike kupitia gazeti lenu, tuko tayari kuja kutembea naye tumuonyeshe njia inapita wapi kwake, hata jumapili hii.

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi