Kabla hamjapanda basi la Kampala

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Mombasa. Sisi ni wazima, presha ya mama yako imetulia tangu alipobadilishiwa dawa, na paa la jikoni bado linavuja palepale unapopajua. Barua hii nimeiandika kwa kalamu, kaka yako atainakili katika simu yake na kukutumia, kwa kuwa haya ninayotaka kukwambia siyawezi kwa kupiga simu. Sababu ya mimi kutopenda simu unaijua, ingawa huijui yote.

Mama yako ameniambia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo wewe na wenzako wa bendi mnapanda basi la usiku kwenda Kampala, mkapige shoo mbili za huo muziki wenu wa metal, wa magitaa makali na kunguruma, wewe ukiwa kwenye ngoma. Sikatai, wala barua hii si ya kukuzuia. Lakini katika mazungumzo hayohayo alinieleza, akicheka kama ulivyocheka wewe, kwamba baada ya shoo yenu ya Westlands, hapo Nairobi, masikio yako yalilia mluzi usiku kucha hata ukaamka nao, na haukunyamaza mpaka jioni. Mama yako alidhani ni kichekesho. Mimi niliweka kikombe chini nikatoka uwani.

Kwa hiyo, kabla hatujaenda mbali, nijibu: ulikuwa umeziba masikio? Najua jibu, maana kaka yako alinionyesha video, na nilimwomba airudie mara nne. Mara mbili za kwanza nilikuwa nakagua masikio yako, nikayaona wazi, nywele zimefungwa nyuma na hamna kitu ndani. Mara mbili za mwisho, nikiri, nilikuwa nautazama mkono wako wa kushoto, ambao zamani ulikuwa mzito na sasa unarudi juu ya ngoma kabla mtu hajajua kwamba umeshaondoka. Miguu yako pia inakimbizana juu ya zile pedali mbili bila kukosana. Sielewi kijana wenu anayeimba ananguruma nini, lakini nimeelewa kwamba wote watatu wanakutegemea wewe wajue walipo.

Majirani wameshasema yao. Yupo aliyeiona video hiyohiyo akaja kunipa pole, kana kwamba nimefiwa. Sikumlaumu sana, kwa sababu nchi yetu ililelewa katika hofu hiyo: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani, akaiweka chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ilipofikishwa bungeni mwaka 1999 watu walikuwa wamekwisha kuzoea kumwona shetani katika kila fulana nyeusi. Nilimjibu jirani kwamba shetani simwogopi katika jambo hili, ninaogopa spika. Akadhani nafanya mzaha.

Tena nilimkumbusha ambacho wewe huhitaji kukumbushwa, kwamba bibi yako alikuwa mpiga vugo, na katika arusi za mtaa huu hapakuwa na mwanamke aliyezigonga pembe za nyati kama yeye. Na kabla yake, makundi ya beni ya mji huu, Kingi na Skochi, yalishindana kwa tarumbeta na ngoma kubwa barabarani, na wazee wa wakati huo waliyasema vilevile mnavyosemwa ninyi leo: vijana wamepotea, wanaiga Wazungu, wanapiga kelele. Kelele yenyewe kwa hiyo si mgeni katika ukoo wetu. Tofauti ni kwamba pembe ya bibi yako haikuwa na waya wa umeme.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye barua.

Mimi nilifanya kazi ya kunyoosha na kukata mabati kwa miaka ishirini na sita. Miaka ya mwanzo masikio yangu yalilia kila jioni, yakanyamaza kila asubuhi, nami nikachukua kule kunyamaza kuwa ndiko kupona. Kisha mlio ukaanza kukaa mpaka saa nne, kisha mpaka adhuhuri, na siku moja sikumbuki ni ipi haukuondoka tena. Kanuni za kelele kazini zilikuja mwaka 2005, zikasema kazi ya saa nane isizidi desibeli 90 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), na vifuniko vya masikio vikaletwa vikatundikwa msumarini. Nilivivaa mkaguzi alipokuja. Siku nyingine zote niliviacha pale pale, kwa kuwa vijana wa karakana waliwaita waliovivaa mabibi harusi, na mimi nilikuwa fundi mkuu. Usitafute mwingine wa kulaumu katika hilo, kwa maana mimi nimekwisha kumtafuta na sikumpata.

Mtaalamu aliyenipima baadaye alinieleza mambo ambayo ningependa uyajue kabla ya kupimwa. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyoupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Sauti kubwa huvilaza kama upepo unavyolaza mpunga; vingine huinuka, na ndiyo maana mluzi huisha, lakini vikishakufa havioti tena maishani. Aliniambia pia kwamba kuku huviotesha upya. Tangu siku ile nikiwaona kuku wa mama yako wakiparua uwani huwa nawaonea wivu, jambo ambalo sikutarajia kulifikia katika uzee.

Akanipa na hesabu, nami nimeihifadhi kwa sababu unajua napenda hesabu. Desibeli 85, wala si zile 90 za kanuni, ndizo mtu anazoweza kuzivumilia saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka tatu, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na ukifika 100 umebakiwa na dakika kumi na tano. Bendi kama yenu katika chumba chenye dari fupi hupita 100 bila kujisumbua. Wewe mwenyewe ulimwambia mama yako kwamba usiku mmoja hupiga bendi nne, kwamba seti ya ngoma ni moja mnaachiana na kila mpigaji huja na matoazi na pedali zake, na kwamba zamu yenu ni dakika arobaini. Basi hesabu: dakika arobaini zenu, na bendi nyingine tatu ambazo unasimama mbele kuzishangilia kwa adabu ili nao wakushangilie. Ongeza kwamba mpiga ngoma ndiye aliyekaa pabaya kuliko wote, amplifaya za magitaa zikimpigia mgongoni, spika ndogo ikimpigia ubavuni, na matoazi yake mwenyewe yakiwa shibiri chache tu kutoka sikioni. Zipo na kanuni nyingine za kelele, za mwaka 2009, lakini hizo zinamlinda jirani aliyelala. Wewe uliye ndani hakuna anayekupimia.

Usiniambie kwamba vizibo vinaharibu muziki. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti zote kwa kiasi kimoja, huku sauti zikibaki na umbo lake. Na hata vile vya sponji vya bei ndogo ni bora kuliko ujasiri. Pamba haifai kitu. Vya sponji uvisokote viwe vyembamba, ulivute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ukitumbukize, ukishikilie mpaka kivimbe. Vitumie katika mazoezi yote ya wiki hii, ili usije ukavivaa kwa mara ya kwanza jukwaani Kampala, ukaona ugeni, ukavitoa katikati ya wimbo wa pili. Nakujua.

Kaka yako, ambaye anajifanya hapendi muziki wenu lakini anajua kila kitu, amenisomea habari za wakubwa wenu. Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, amesema hadharani kwamba masikio yake hulia. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, mwaka 2016 aliambiwa na madaktari aache ziara au awe kiziwi kabisa, akakatiza ziara akabadilishwa. Hao ni watu wenye fedha za kuajiri madaktari wa kutembea nao. Wewe mchango wa kiingilio mkishagawana, mara nyingi unakutosha nauli ya kurudi nyumbani.

Kaka yako amenisomea na za hapa kwetu, nami nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Wale vijana wawili wa bendi ya Duma, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitoka Kampala hukohuko mnakokwenda, nilidhani wamejiita kwa yule mnyama, kumbe ni neno la Kikikuyu, maana yake giza. (Jina la kampuni iliyowatolea siwezi kuliandika katika barua ya baba kwa binti yake. Waganda wana maana yao, na sisi tuna yetu.) Nimeambiwa ngoma zao zilipigwa na kompyuta, na nikasema hayo ndiyo maarifa, kwa kuwa kompyuta haina masikio. Tena wapo Crystal Axis, bendi ya Nairobi, walioimba juu ya Nyayo House, lile jengo la serikali ambamo wapinzani waliteswa enzi za Moi. Nilikaa kimya nilipoelezwa hilo. Sisi tulipokwenda Nairobi miaka ile tulipita mbele ya jengo lile macho yakiwa chini, tukijua yaliyokuwa yakitendeka kwenye vyumba vya chini, na hakuna kati yetu aliyethubutu hata kupiga mluzi. Kama ninyi mnalitaja kwa spika, sawa, litajeni. Mzibe masikio tu.

Ile siku ya tamasha la muziki la shule yenu hujaisahau, wala mimi sijaisahau, kwa hiyo sitaisimulia. Jua jambo moja tu. Uliponiomba nije, ulisimama upande wangu wa kushoto, na mama yako alikuwa akisaga nazi kwa mashine. Niliona midomo yako ikienda, nikadhani unaomba tena kununuliwa simu, nikajibu, "Hapana, na usiniulize tena." Nilikuja kujua ulichoomba asubuhi ya siku yenyewe, nilipoona sare yako imepigwa pasi. Ningeweza kuvaa viatu nikaja. Lakini ingenipasa kueleza, na wakati huo niliona heri uniite mkali kuliko uniite kiziwi.

Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia mpaka, lakini msisahau kadi za chanjo ya homa ya manjano, na zisiwe zimekaa kwenye begi moja chini ya matoazi. Fedha mkubaliane kabla ya kufunga vyombo, na makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, maana baada ya shoo mwenye ukumbi huwa amepatwa na haraka. Usinywe kitu ulichokiacha mezani. Vijana wale watatu ni watu wazuri, nimewasalimu mara moja na nimewaona wanavyokubebea ngoma kubwa bila kuambiwa. Hata hivyo usilale kwenye basi wote wanne kwa wakati mmoja.

Na ukimaliza shoo ya kwanza, kabla hujacheka na watu, kaa mahali pa kimya dakika mbili usikilize ndani ya kichwa chako. Ukiusikia ule mluzi, shoo ya pili usivitoe vizibo hata mara moja, na ukae mbali na spika bendi nyingine zikiwa jukwaani, hata wakikuona una maringo. Ukiendelea zaidi ya siku moja, usimwambie mama yako kwa kicheko, niandikie mimi. Mwezi ujao nitakupeleka ukapimwe, gharama ni yangu, na tutakwenda pamoja kwa kuwa na mimi nimekubali kupewa kile kifaa cha sikio nilichokikataa mara mbili. Mama yako hajui bado kwamba nimekubali. Mwache nimwambie mwenyewe.

Mengine ya nyumbani ni haya. Mpangaji wa chumba cha nyuma amelipa mwezi mmoja kati ya miwili. Mwembe umezaa mpaka tawi la upande wa msikiti limepasuka, nami nimelifunga kwa kamba yako ya zamani ya kuanikia, samahani sikuuliza. Fundi wa paa anataka fedha nusu kabla hajapanda ngazi, nami nataka kwanza apande ngazi, kwa hiyo bado tunavujiwa.

Kesho asubuhi nakutumia mzigo kwa basi. Mna mabuyu, achari ya embe, vileja vya mama yako, na kibahasha chenye jozi sita za vizibo: nne zenu, mbili za akiba, kwa sababu mpiga besi wenu ana sura ya mtu anayepoteza vitu. Uuchukue ofisini kwao Nairobi kabla ya Jumatano, umeandikwa kwa jina la mama yako. Kopo lenye kifuniko chekundu halikuwa la kusafiri. Mama yako ameniambia nikuandikie kwamba analitaka lirudi.

Baba yako