Kwa vijana wangu wa Jumamosi

Wajukuu zangu,

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao chetu cha kusoma vitabu, niliondoka bila kuwaaga kwa sababu ya hasira, na bado sijapoa. Mwenzenu anayesoma shule ya kata kule Manzese alisimama kusoma ukurasa wake, akatamka neno la Kiingereza kama linavyoandikwa. Ninyi mnaoketi dirishani, mnaoletwa na magari kutoka Masaki na Mbezi Beach, mkaangua kicheko. Wa Manzese mkajibu kwa matusi. Binti wa watu akafunga kitabu, akakisukuma katikati ya meza, akatoka.

Na mlikuwa mnasoma nini? The Outsiders ya S. E. Hinton! Watoto wa maskini na watoto wa matajiri wanawindana mitaani hadi roho zinatoka. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15, amechoshwa na makundi ya shuleni kwake Tulsa, Marekani. Ni rika lenu kabisa. Mmesoma Cherry wa kitajiri na Ponyboy wa kimaskini wakigundua kwamba jua likizama wote wanalitazama, kisha mkagawana viti kama Simba na Yanga.

Riwaya hiyo ilitoka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa na usawa. Sisi tulilala bweni moja, mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mvuvi, maharage ya sufuria moja. Wa mkurugenzi ndiye aliyenielekeza hesabu usiku, wala hakunicheka. Mkoloni aliugawa mji huu wa Dar es Salaam kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mipaka ile sisi wazee tumeirudisha kwa ada za shule, na lawama hiyo ni yetu. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, jambo jema sana, lakini mtoto wa shule ya kata na wa shule ya mamilioni bado hawaketi pamoja. Kwangu mliketi. Mkafanya vile!

Kiingereza ulichokikuta chekechea umelipiwa na baba yako. Yule anakitafuta mwenyewe, jioni, akishamaliza kumsaidia mama yake kuuza vitumbua.

Mengine: simu zizimwe. Vitabu virudishwe. Na ninyi wa Manzese, kutukana magari ya watu hakumtetei mwenzenu.

Waliocheka waende kwao kabla ya Jumamosi, wakamwombe radhi mbele ya mama yake. Wasipokwenda, sitafungua mlango.

Babu yenu,
Kinondoni